Hesabu za Sehemu (2): Tisini kwa Mia au Karati Ishirini na Mbili?

Toleo lililopita lilikuwa jepesi: sehemu zenye asili moja, yaani namba ya chini iliyo sawa. Kati ya 5/8 na 3/8, mwenye vipande vingi ndiye mwenye zaidi, basi. Safari hii asili zinatofautiana, na mtu wa Bunia hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Migodi ya Kilo ilifunguliwa mwaka 1905, na mpaka leo dhahabu ya Mongbwalu hupitia Bunia kabla ya kuelekea Kampala na Dubai. Machimboni mizani ni ndogo, pengine njiti ya kiberiti ndiyo jiwe lake; kwa wanunuzi wakubwa huhesabiwa gramu au tola, na tola moja ni gramu 11.66. Uzito hauna fumbo. Maneno huzuka kwenye usafi, maana dhahabu hutoka ardhini ikiwa na madini ya fedha ndani yake, na shaba kidogo.

Na usafi una lugha mbili. Huyu huigawa dhahabu vipande 100, yule vipande 24, ndizo karati. Tuseme donge lilelile mnunuzi mmoja analiita 90 kwa 100, mwenzake anasema ni karati 22. Nani amelipa heshima zaidi?

Jicho hukimbilia 90. Linakosea.

Fupisha kwanza: 90/100 ni 9/10, na 22/24 ni 11/12. Kisha tafuta namba inayogawanyika kwa 10 na kwa 12 bila baki. Ndogo kuliko zote ni 60. Hapo 9/10 inakuwa 54/60, na 11/12 inakuwa 55/60. Vipande vimelingana ukubwa, kilichobaki ni kuhesabu.

Ipo njia ya mkato, tamu zaidi, ingawa ubaoni haionekani sana: tazama kilichopungua. Ya kwanza imepungukiwa 1/10, ya pili 1/12. Kikwanga kilichogawiwa watu 12 hutoa kipande kidogo kuliko kilichogawiwa watu 10, kwa hiyo 11/12 ndiyo imepungukiwa kidogo.

Tofauti ya 1/60 yaonekana si kitu. Lakini chukua donge la tola 60, karibu gramu 700: kwa mnunuzi wa kwanza lina tola 54 za dhahabu safi, kwa wa pili 55. Mizani ni ileile, donge ni lilelile, na tola nzima haionekani ilikokwenda.