Kucheza ni kazi moja, kuongoza mchezo ni kazi nyingine

Juma hili tuzungumze juu ya mchezo unaoweza kutusaidia kuwajua watoto wetu vizuri zaidi. Mwaka 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Tangu hapo michezo mingi ya aina hiyo imetungwa. Kwa Kifaransa inaitwa jeu de rôle. Hauna mbio wala mpira: watu wachache wanakaa mezani na karatasi, kalamu na dadu, wanatunga hadisi pamoja kwa mdomo.

Mezani hapo kuna kazi mbili. Kila mchezaji anashika mtu mmoja wa hadisi, pengine askari, mganga au mwizi. Kwenye karatasi yake kumeandikwa nguvu na udhaifu wa mtu huyo. Swali lake ni moja tu: mtu wangu anafanya nini sasa? Ana haki ya kumpenda, kumtetea na kumtakia ushindi. Kilichojificha nyuma ya mlango si mzigo wake.

Kiongozi wa mchezo anabeba yote yaliyobaki: njia, mvua, adui, mwenye duka, mfalme. Anaeleza kile ambacho wenzake wanaona, kisha anauliza: "Mnafanya nini?" Jambo likiwa na mashaka, kama kuruka shimo, dadu inatupwa.

Wengi wanafikiri kiongozi anashindana na wachezaji. Sivyo. Angetaka kuwashinda, angeleta maadui mia moja na mchezo ungeisha papo hapo. Kazi yake ni kupima: awape magumu ya kuwafanya wafikiri, yasiwe ya kuwavunja moyo. Tena hajui mwisho. Bibi akitusimulia hadisi jioni, mwisho anaujua. Kiongozi huyu anaweza kuandaa daraja, wachezaji wakaamua kuogelea. Akiwalazimisha kupita darajani, hawachezi tena, wamekuwa wasikilizaji tu.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Sisi walimu tunaona kila siku kwamba katika michezo kuna mtoto anayeamuru na kuna wanaofuata. Anayefuata siku zote hajifunzi kuwafikiria watu wengi kwa mara moja. Anayeamuru siku zote hajifunzi kuvumilia neno la mwenzake. Na binti zetu mara nyingi tunawapa mzigo wa kulea wadogo zao, lakini neno la kuamua tunampa kaka.

Tunaweza kujaribu nyumbani bila kununua kitu. Chukueni dadu moja ya ludo. Mtoto mmoja aongoze, wenzake watatu wacheze. Aanze hivi: "Mnapeleka dawa kwa bibi. Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mnafanya nini?" Penye mashaka, nne, tano au sita ni kufaulu; moja, mbili au tatu ni kupata shida mpya. Shida isiwe mwisho wa hadisi. Baada ya nusu saa, mwingine aongoze. Anzeni na yule mnyamavu, na binti pia apate zamu yake.

Mama akikaa karibu, aangalie mambo mawili. Je, kiongozi anampa kila mmoja nafasi ya kusema, hata mdogo? Je, mchezaji anakubali dadu ikimkataa? Asiwakatize kila mara. Wakimaliza, awaulize ni kazi ipi iliyokuwa nzito, na kwa nini.

Wamama wa likelemba wanalijua jambo hili. Mwanachama anafikiria zamu yake. Anayeshika daftari anafikiria zamu ya kila mmoja, na haruhusiwi kuipendelea yake. Mtoto aliyewahi kukaa pande zote mbili za meza atamheshimu anayeongoza, na siku akiongoza yeye, atakumbuka kuwaachia wengine nafasi ya kuamua.