Usikatishe dawa, virusi hujificha

Huenda nyumbani kwako yupo anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Akipata nafuu husema, "Nimepona, nipumzike." Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI. Mwaka 1989 mtaalamu wa virusi Douglas Richman wa San Diego, pamoja na Brendan Larder na Graham Darby wa Uingereza, walionyesha kuwa virusi vya wagonjwa walioitumia miezi 6 au zaidi vilianza kuwa sugu. Virusi hukosea vinapozaliana, na wakati mwingine huzaliwa kile kisichodhurika na dawa. Ndiyo maana leo dawa huchanganywa. Mwaka 1997 Richman na wenzake walionyesha pia kuwa virusi hujificha katika chembe nyeupe za damu hata mgonjwa akiwa kwenye dawa. Ukiacha, hurudi.

Homa ya ini B nayo huzoea lamivudini ikitumiwa peke yake. Basi mwenye virusi vya UKIMWI apimwe na ini.

Usiruke dozi, usigawane vidonge. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kwanza kabla hujabadili saa za dawa.