Kwa Nini Programu Inasema "Msanii Hajulikani"?

Mwezi wa sita nilikwenda Kwamndolwa, Korogwe, kumsalimia mjomba. Ana flashi moja yenye nyimbo za zamani kama mia nne: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star, Mbaraka Mwinshehe. Alijaziwa kwenye kibanda cha nyimbo. Kwenye sabufa zinapiga vizuri tu. Nilipozihamishia kwenye kompyuta, programu ya muziki ikaonyesha "Track 01", "Track 02", msanii hajulikani. Kumbe tatizo si programu.

Faili la MP3 hubeba vitu viwili: sauti yenyewe, na lebo ndogo ya maandishi iitwayo ID3. Programu ya kupanga muziki haisikilizi wimbo. Inasoma lebo (jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka) na kupanga orodha kwa hayo. Ndiyo maana ukibadilisha jina la faili tu, mara nyingi orodha inabaki vilevile.

ID3 ya kwanza ilitoka 1996. Ilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la msanii lilipewa nafasi ya herufi 30. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano" uone: inakatika kwenye "Super Vol". Aina ya muziki iliwekwa kwa namba, kutoka orodha ya aina 80. Taarabu haikuwemo. Namba 0 ni Blues, kwa hiyo lebo iliyoachwa na sifuri inaugeuza wimbo wa Tanga kuwa Blues! Toleo la pili, la 1998, liliondoa ufinyu huo.

Halafu, kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi. "Mwinshehe" na "Mwishehe" kwake ni watu wawili.

Zipo programu za bure, mfano MusicBrainz Picard, zinazochukua "alama ya kidole" ya sauti na kuilinganisha na hifadhidata ya intaneti. Lakini hifadhidata inajua tu kile ambacho mtu alishakiingiza. Kwa nyimbo nyingi za mjomba, ilirudi mikono mitupu.

Hapo mjomba mwenyewe akawa hifadhidata. Tulikaa barazani, mimi naandika kwa Mp3tag, yeye anasikiliza sekunde chache tu: "Hao Jamhuri hao, siyo Atomic. Sikiliza gitaa." Kwa siku mbili tukamaliza nyimbo sitini.

Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, nakili kwanza flashi yote pembeni. Chagua tahajia moja kwa kila msanii. Kwenye sehemu ya maoni andika nani alikutajia jina la wimbo, ili atakayekuja baadaye ajue limetoka wapi. Usiogope, kuandika lebo hakubadilishi sauti.

Sisi tumebakiza kama mia tatu na arobaini. Mjomba ana miaka 78. Desemba narudi Kwamndolwa na kompyuta.