Okapi kwenye ukuta wa mutoto

Kwa chumba cha mutoto tunabandikaka picha za simba na twiga. Okapi je? Porini anaishi kwetu Congo tu. Mumuchore ukutani!

Ila muchunge rangi. Rangi zingine za mafuta ziko na madini ya risasi, ile plomb. Mutoto akikwangua ukuta na kulamba vidole, inaharibu ubongo, na dawa ya kuurudisha haiko.

Udongo wetu mwekundu unapata rangi kwa kutu ya chuma, jua haiipaushe. Ukaushe, utwange, uchekeche na kitambaa, uchanganye na makala ya kusaga na uji mwepesi wa unga wa mihogo: njo mwili. Mistari ya miguu, chokaa. Ikiwa mbichi inachoma macho, basi mutoto alale kwingine mpaka ikauke. Ukuta wenye unyevu hapana, uji utaota kuvu.