Simbilisi Siyo Sungura Mdogo

Leo tunaanza na kosa letu wenyewe.

Tulinunua simbilisi wanne kwa ajili ya watoto wetu hapa Amani. Tulipanga wakizaana tuuze wachache, tupate fedha za madaftari. Banda la sungura lilikuwa na nafasi, tukawatia humo humo. Chakula kikawa kile kile cha sungura: majani makavu na pumba za mahindi.

Sungura walinenepa. Lakini simbilisi, baada ya majuma machache, walianza kuchechemea. Magoti yalivimba. Ukiwagusa wanalia. Mmoja alitoka damu kwenye ufizi. Sisi tulisema ni baridi ya mlimani. Jirani akasema ni jicho baya la mtu. Wawili wakafa, watoto wakalia siku nzima.

Bwana mifugo alipokuja alitazama banda, kisha akatazama chakula. Akasema, "Hawa mmewanyima mboga mbichi. Hiki ni kiseyeye."

Kiseyeye! Sisi tulijua ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani, waliokaa baharini miezi mingi bila matunda. Kumbe na simbilisi anaupata. Sababu yake ni kukosa vitamini C. Sungura huitengeneza mwenyewe ndani ya mwili wake, kama mbuzi na ng'ombe. Simbilisi hawezi. Hata wewe msomaji huwezi. Ndiyo maana unaambiwa ule mboga na matunda. Jambo hili lilionekana mwaka 1907 huko Norwei. Wataalamu wawili, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata kiseyeye. Yaani walifanya kwa makusudi yale tuliyofanya sisi kwa kutojua.

Basi tuwalishe nini? Chakula kikuu cha wote wawili ni majani, tena mengi. Meno yao hayaachi kukua maisha yote, na majani magumu ndiyo yanayoyasaga. Usiku na mchana banda lisikose majani, wala maji safi. Majani ya Guatemala, matete machanga na nyasi za kando ya shamba yanafaa.

Huku kwetu shida ni unyevu. Mvua na ukungu haviishi, na mtu hukata majani yamelowa, akayarundika kwenye tenga hadi jioni. Tia mkono katikati ya rundo hilo: lina joto! Limeanza kuchacha. Mnyama akila hayo tumbo hujaa gesi, na sungura hawezi kutapika. Atakufa. Kwa hiyo tandaza majani kwenye uchaga, chini ya paa, yapate upepo.

Lakini mboga ya simbilisi usiikaushe, maana vitamini C hupotea. Mpe mbichi kila siku: konzi moja ya matembele au mchicha kwa kila mmoja, ukibadilisha badilisha. Ioshe na kuikung'uta. Kipande kidogo cha pera ni kizuri sana. Machungwa ya Muheza nayo yanafaa, ila kidogo tu, mara moja moja, kwa kuwa yana sukari nyingi. Pumba zisizidi kijiko kimoja, na ugali usiwape kabisa.

Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi yana sumu. Pia usikate majani mahali palipopigwa dawa ya kuua magugu, hata kama yanaonekana mazuri.

Ukimwona sungura anakula kinyesi chake laini, usimfukuze. Siyo uchafu. Ndivyo anavyopata chakula ambacho tumbo halikukimaliza mara ya kwanza. Na kila aina ilale banda lake, maana sungura ana teke, na simbilisi ni mnyonge.

Wale wawili waliobaki tuliwapa mboga kila siku, wakaacha kuchechemea. Baadaye jike alishika mimba, tukamwongezea mboga. Alizaa watatu. Watoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya, na macho wazi, na meno kinywani. Siku ya pili asubuhi tuliwakuta wanatafuna matembele pamoja na mama yao.