Nusu ya nyumba ni maji: kumbukumbu ya fundi wa Nzuguni

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Morogoro kwa basi hushukia Nzuguni, kwani siku hizi ndipo ilipo stendi kuu ya mabasi ya Jiji la Dodoma. Jirani na hapo pana soko kubwa, na pana viwanja ambamo wakulima hukutana kila mwaka kwa maonesho ya Nane Nane. Mwenye haraka huona mabati mapya yakimetameta juani, akadhani mahali hapa pamezaliwa jana. Lakini nyuma ya maduka ipo nyumba moja ya vyumba vinne, ya matofali ya kuchoma, ambayo imekwisha kuvuka miaka arobaini. Ukuta wake wa magharibi haukupigwa lipu hata leo. Aliyeijenga ni babu yangu mzaa baba, aliyefariki dunia mwaka 2021. Jina lake silitaji, kwa kuwa ndivyo familia ilivyoomba, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuona haya akisifiwa mbele ya watu.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi katika nyumba zilizojengwa na watu wa namna yake. Ni mara chache mpangaji hujiuliza ni nani aliyenyoosha kuta zinazomsitiri.

KATIKA TEMBE

Marehemu alizaliwa katika tembe, nyumba ya asili ya Wagogo. Vijana wa leo huitazama tembe kwa dharau, na dharau hiyo haina msingi. Kuta zake ni miti iliyosimikwa ardhini na kukandikwa udongo. Juu hulazwa magogo, kisha fito na matawi, halafu udongo mzito uliokandamizwa mpaka paa likawa bapa. Vyumba huuzunguka ua, na katika ua huo ng'ombe hulala salama. Mchana jua la Dodoma likiunguza, ndani huwa baridi. Usiku upepo wa kiangazi ukivuma, ndani huwa na joto. Nyumba ni fupi, hivyo upepo hauna pa kuikamatia. Mtu mzima huingia kwa kuinama, na babu alikuwa akisema kwamba kuinama huko ni adabu: kila mgeni, hata akiwa tajiri, huingia kwako akiwa amekwisha kukusalimu.

Hata hivyo tembe ina maadui wawili, mchwa na mvua. Mvua za Dodoma ni haba, nazo hukusanyika kati ya Desemba na Aprili, lakini zinaponyesha hunyesha kwa ghadhabu. Kila mwaka paa hutaka udongo mpya. Baba yake alimfundisha kuchagua mti kwa kuugonga na kuusikiliza, na kukaza fito kwa kamba za magome ya mbuyu. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wa kwanza, na wala hakupewa cheti.

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakuta watu wakiishi kaya mbalimbali zilizotawanyika, ikawahamishia vijijini. Huko Chamwino, mashariki ya Nzuguni, Mwalimu Nyerere alikaa pamoja na wanakijiji akishiriki kufyatua matofali. Habari hiyo ilivuma upesi kuliko mbio za ng'ombe. Babu, wakati huo kijana mwenye mke mmoja na mtoto mmoja, alisema kwamba ikiwa Rais anashika kalibu, yeye ni nani hata aone aibu ya kupakaa tope?

Akajifunza tofali. Alijifunza kwamba udongo wa kichuguu hushikamana vizuri, kwamba udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa masika na kupasua msingi, na kwamba zipo sehemu ambazo chumvi ya ardhi hupanda polepole ikamomonyoa ukuta kutoka chini. Baada ya TANU kuamua mwezi Oktoba 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuundwa mwaka huo huo, kazi ilipatikana. Alianza kwa kubeba zege, akapanda akawa mwashi. Alishika mwiko Area C, akaushika Area D na Kikuyu. Alijengea watumishi nyumba zenye jiko la ndani na choo cha kuvuta, akarudi jioni kulala chini ya paa la udongo.

DEBE NA KIJITI

Nyumba yake mwenyewe aliianza mwaka 1979 na kuimaliza mwaka 1983. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba ya Taifa, na saruji ilikuwa bidhaa ya kusimuliwa. Fundi aliyepata mfuko mmoja aliutunza chini ya kitanda kama mahari. Babu alijengea kwa tope, akaweka saruji penye lazima tu: kwenye msingi, kwenye lenta na kizingitini.

Tofali basi ilikuwa ni udongo, kuni na maji. Udongo ulikuwepo. Kuni nazo zilikuwepo, ingawa babu uzeeni alikuwa akijuta kwa miti iliyoingia katika matanuri yale. Huko Kondoa mradi wa HADO ulikuwa tayari, tangu mwaka 1973, ukipambana na mmomonyoko wa ardhi, na yeye alikiri kwamba mafundi walichelewa kuelewa. Lakini maji! Mji ulikunywa kutoka visima vya Makutupora, kwa bomba. Nzuguni ile ya vijijini ilikunywa mchanga, yaani wanawake walichimba shimo katika mkondo mkavu wa korongo, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata mpaka debe lijae. Aliyefika alfajiri alingoja kidogo. Aliyefika jua limepanda aliweza kungoja mpaka adhuhuri.

Bibi alifika alfajiri. Alichota debe la kunywa, la kupikia na la kuogeshea watoto. Kisha alirudi tena kuchota la tofali.

Wote wawili walikuwa wamepitia Kisomo cha Watu Wazima, ile kampeni iliyopewa msukumo mkubwa tangu mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Babu alijua kusoma na kuandika. Bibi, kwa sababu ya kunyonyesha na kulima, aliishia kwenye hesabu. Wakakubaliana hivi: kila debe la ujenzi likifika, bibi huchora kijiti kimoja kwa mkaa kwenye nguzo ya tembe. Vinne vikisimama, cha tano huvikata. Jumamosi jioni babu huhesabu vijiti, huviandika daftarini, halafu hupangusa nguzo.

Daftari hilo nimelishika kwa mikono yangu. Jalada limekwenda, na kurasa za mwisho zimeliwa na mende. Mkono wa kushoto ameandika "Saruji", "Misumari", "Bati", na bei zake. Mkono wa kulia kuna neno moja tu, "Maji", na chini yake hesabu ya kila juma. Jumla iliyopigiwa mstari ni madebe 1,140.

Nilipomwuliza, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa nini aliandika kitu ambacho hakukinunua, alinitazama kana kwamba nimemtukana mtu.

"Nani amekuambia sikukinunua?" alisema. "Sijakilipa, basi."

BABA WA NYUMBANI

Isidhaniwe kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkali wa kupindukia juu ya vifaa vyake. Aliyecheza na timazi yake alikiona. Aliwahi kugombana na mtoto wake mkubwa muda wa mwaka mzima kwa sababu kijana alikataa ufundi akaenda kuendesha gari. Alivuta sigara ambazo hatimaye zilimharibu kifua.

Lakini jua halikuzama akiwa kilabuni. Mshahara aliufungua mbele ya mke wake, mkekani, wakaugawa. Binti zake watatu walisoma sawa na ndugu zao wa kiume, na majirani walipomcheka kwamba anasomesha wake za watu, alijibu kwamba yeye siku zote hujenga nyumba za watu, hajaona hasara yake. Kila mwanzo wa mwaka aliwasimamisha watoto, na baadaye sisi wajukuu, kwenye fremu ya mlango, akatupima kwa pima maji yake iliyolazwa kichwani ili mstari usidanganye. Alama hizo zipo. Yangu ya mwaka 1996 iko chini ya kitasa.

MAJINA MAWILI

Upimaji wa viwanja ulipofikia mtaa wao, babu alikwenda kujaza fomu. Akaandika jina lake, na chini yake jina la bibi. Karani aliyeipokea akamwuliza: "Mzee, huyu wa pili ni nani?"

"Ndiye aliyejenga nusu," alijibu.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa kuwa familia nyingi mijini huumia kwa kutojua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Uamuzi huo lakini ulihusu talaka. Kifo kina mambo yake. Tangazo la Sheria ya Mila la mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, halikumpa mjane fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; lilisema atunzwe na watoto wake. Mjane mwenye watoto wema hukaa. Asiye nao huhesabu siku. Ndiyo maana hati yenye majina mawili ni kitu kikubwa: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifariki, haki yake humwendea yule aliyebaki. Nyumba ya namna hiyo haiingii katika kapu la mirathi.

Babu hakuwa mwanasheria. Alikuwa amejenga nyumba za watu wengi mno, akaona ni nani hutolewa ndani yake baada ya msiba.

SIKU YA KUMALIZA MATANGA

Na yaliyoogopwa yalifika. Siku ya kumaliza matanga, baada ya chakula, babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwa upole, wala sitaki msomaji amwone kuwa mtu mwovu, alisema alichofundishwa.

"Shemeji, hakuna anayekufukuza. Lakini kaka alikuwa wetu, na nyumba ya kaka ni ya ukoo. Ardhi ya Nzuguni siku hizi ina bei. Tukae tuone namna ya kuigawa."

Watu waliinamisha macho. Baba yangu alitaka kusimama, bibi akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, kalete daftari la baba yako. Na ile bahasha."

Hati ilisomwa kwanza, na kwa haki ilitosha kumaliza maneno. Lakini bibi alitaka na daftari lisomwe. Baba akasoma juma moja baada ya jingine: madebe kumi na moja, madebe tisa, madebe kumi na manne, juma moja sifuri, akaeleza bibi kwamba hilo ndilo juma alilojifungua. Halafu madebe manne. Halafu nane. Kusoma kulichukua muda mrefu, na hakuna aliyekohoa. Wanawake wazee waliokuwa wamekaa upande wa jikoni walianza kuitikia kila hesabu kwa sauti ya chini.

Ilipotajwa jumla, babu mdogo alinyoosha mkono akaomba alione daftari lenyewe. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye safu ya kulia. Yeye pia, kumbe, alikuwepo miaka ile. Ndiye aliyekuwa akikanyaga udongo.

"Shemeji," alisema, "hapa kaka amekosea. Mwaka ule wa ukame ulichota zaidi ya haya."

Bibi anaishi katika nyumba hiyo hadi leo. Tangu wakati huo visima virefu vimechimbwa hapo hapo Nzuguni, na maji yaliyokuwa chini ya miguu yao miaka yote ile sasa yanapandishwa kwa mashine. Bomba lipo uani. Mwaka jana wajukuu tulichanga saruji ili ukuta wa magharibi upigwe lipu, fundi akaja, naye bibi akamzuia. Alisema upande huo marehemu aliuacha wazi kwa makusudi, ili atakayetaka kujua nyumba imejengwa kwa nini, aone.

Tulibeba mifuko yetu tukaiweka stoo.