Fahamu: Kwa nini relei huifanya maikrokontrola igande

Maikrokontrola kama ATmega328P huenda kwa mapigo ya saa, mara nyingi milioni 16 kwa sekunde, yanayotoka kwenye kristali ya kwatzi. Mawimbi ya kristali ni dhaifu. Relei au mota iliyo jirani ikirusha kelele za umeme, pigo la uongo linaweza kupenya, chipu ikasoma amri vibaya na programu ikaganda. Fundi naye huanza kuilaumu programu!

Tiba kubwa iko kwenye mpangilio wa bodi. Kristali na kapasita zake mbili, za pikofaradi 12 hadi 22, zikae karibu kabisa na pini za chipu, na njia nyingine ya mawimbi isipite chini yake. Zungushia eneo hilo shaba ya ardhi. Bodi ya majaribio ya kuchomeka nyaya, kusema kweli, haifai hapa.

Pini za umeme zipewe kapasita za nanofaradi 100. ATmega328P pia ina mpangilio wa kuitikisa kristali kwa nguvu zaidi: hula umeme mwingi, ila hustahimili kelele. Na koili ya relei ya umeme wa DC? Ifungie daiodi.